Kinywa cha Mwanafarasi

Jalada lilimfikia Kapteni Prokopy Neustroev kwa sababu moja tu: ukurasa wa kwanza ulikuwa na neno farasi. Mkuu wake hakusoma zaidi ya hapo. Alilisukuma mezani, akasema farasi ni mambo ya kitengo cha wizi wa mifugo, akarudia chai yake. Neustroev alikuwa amekaa kwenye kitengo hicho miaka kumi na tisa, akifuata nyayo za farasi walioibwa kutoka Yakutsk, mji wetu huku Siberia, hadi mabonde ya mashariki ya mto Lena. Hakuwahi kupewa farasi aliyekufa miaka elfu thelathini na nane iliyopita.

Marehemu alikuwa mtoto, jike, wa miezi miwili hivi. Alitokeza mwezi wa Agosti kwenye ukingo uliomomoka karibu na kijiji cha Sylgylaah, mzima, na manyoya yake na kope zake, kwa maana ardhi yetu iliyoganda haiozeshi kitu, inakiweka tu. Jamii yake ilishatoweka duniani. Dakta Nariyana Gabysheva alikata kipande cha ngozi, akasoma vinasaba, na Septemba akatangaza kwamba jeni za mwanafarasi huyo, zile za kuotesha manyoya mazito na za kuchoma mafuta ili mwili upate joto, zinafanana herufi kwa herufi na za farasi wetu wa leo, wanaolala nje kwenye nyuzi hamsini chini ya sifuri wala wasikohoe. Maana yake, farasi wetu, waliokuja na mababu kutoka kusini karne chache tu zilizopita, hawakujifunza baridi wenyewe. Waliirithi kwa wenyeji waliowakuta.

Watu walifurahi, na mimi nilifurahi pia, sitaficha. Wachuuzi wa samaki sokoni walimsimamisha dakta kumpa mkono. Kisha Oktoba maabara moja ya nje, iliyopewa manyoya ya mkiani, ikasema haikuona kitu kama hicho. Naibu mkurugenzi wa taasisi, Innokenty Burtsev, akawaandikia polisi kwamba mtafiti wake ametia damu ya farasi wa leo kwenye sampuli ya kale. Kamati ingekaa Ijumaa saa nne asubuhi, ripoti ya Neustroev ikiwa mezani. Ikisema ameghushi, Nariyana angefukuzwa, jina lake lingefutwa kwenye kila alichoandika, na hakuna maabara ambayo ingempokea tena. Siku jalada lilipomfikia Neustroev ilikuwa Jumatatu ya kwanza ya Desemba.

Burtsev alimpokea akiwa na daftari la stoo, limefunguliwa tayari, karatasi nyekundu imewekwa mahali pake. Alikuwa mtu nadhifu wa miaka sitini, mwenye kuudhika upesi, na ilionekana amelala vizuri tangu alipoandika malalamiko yake. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja kwenye mstari: tarehe thelathini Agosti, Gabysheva, vichupa viwili vya damu ya farasi, havikurudishwa. Tarehe mosi Septemba alikata ile ngozi.

Neustroev aliuliza damu ilikuwa ya nani.

"Ya farasi, Kapteni."

"Farasi ana mwenyewe, ana jina, ana alama ya moto pajani. Ya nani?"

Burtsev alipumua kwa nguvu, akamwita mtunza stoo. Mtunza stoo alileta daftari jingine. Namba za vichupa ziliangukia kwa madume wawili wa shamba la uzalishaji, mweupe mmoja na wa kijivu mmoja. Neustroev aliandika: madume, wawili. Akauliza pia kwa nini hawakuchimba ndani ya jino, maana kwenye jalada Dakta Gabysheva alikuwa ameomba ruhusa hiyo mara mbili. Burtsev alijibu kwamba mwanafarasi atawekwa kwenye maonyesho mwakani na hawezi kuonyeshwa akiwa kibogoyo.

Nariyana alikuwa amezuiwa kuingia maabara yake, kwa hiyo Neustroev alimkuta maktaba, koti begani, mbele ya kikombe kilichopoa. Alikuwa na miaka thelathini na sita na siku hiyo alionekana na hamsini. Alimtazama mgeni wake kuanzia kofia ya ngozi hadi buti.

"Wizi wa mifugo," alisema. "Basi nimeiba farasi."

"Wanasema umemwongeza, dada. Hiyo kwetu ni kesi mpya."

Hakucheka, ila bega lilishuka kidogo. Kuhusu vile vichupa alijibu bila kutafuta maneno: alisoma damu ile ili apate farasi wa leo wa kulinganisha naye, na majibu yake yapo, yana tarehe. Neustroev akamwomba amweleze mchanganyiko ule kama anavyomweleza mtu wa zizini, ambaye ndiye yeye. Akamweleza. Ndani ya ngozi mlikuwa na vinasaba vya kale, vilivyokatikakatika, na juu yake vingine vizima, vipya. Yeye aliona vile vipya Septemba akajiambia barafu imevitunza vizuri kupita kawaida. Hapo sauti yake ilipungua. Alisema alitaka sana iwe kweli, na hilo ndilo kosa lake, na analijua.

"Hivyo vipya," Neustroev aliuliza, "vina dume ndani?"

Nariyana aliinua uso. Hakuna aliyekuwa amemuuliza swali hilo. "Hata alama moja ya dume hakuna. Ni majike matupu, wanne kwa uchache. Niliwaambia. Walisema basi nilitafuta damu ya majike."

"Majike wanne, na damu ya madume imekaa mbele yako kwenye friza." Neustroev alitikisa kichwa. "Mwizi hatembei siku tatu kufuata ng'ombe wakati ndama amefungwa mlangoni kwake."

Kisha akageuza bahasha na kuchora farasi mdogo nyuma yake, mbaya kabisa, miguu kama ya meza. Akamwomba aonyeshe kila kipande kilitoka wapi na kila kimoja kilikuwa na farasi wa leo kiasi gani. Nariyana alichukua kalamu. Mdomoni, alikokata kipande cha kwanza kwa sababu ngozi ya hapo ilikuwa laini na nzima: sehemu sita kwa kumi. Shingoni: moja kwa kumi. Begani kulikuwa na chembe tu. Mkiani, yale manyoya yaliyopelekwa nje: hakuna. Wote wawili walitazama bahasha. Uchafu ulikuwa umeingia kwa mbele na ukapungua ukielekea nyuma. Mtu mwenye kichupa maabarani angechafua kipande kilichokatwa. Huyu alikuwa amemchafua farasi mzima kabla hajakatwa.

"Nani alikuwa naye kabla yenu?"

"Mzee aliyemkuta tu. Mzee Bahilai, wa Sylgylaah. Lakini alishahojiwa."

Alikuwa amehojiwa kweli, na karatasi ilikuwamo kwenye jalada, mistari mitatu. Ulimgusa? Hapana. Ulimkata? Hapana. Ulimwekea damu au nyama ya mnyama mwingine? Hapana. Sahihi. Neustroev alisoma mara mbili akamhurumia aliyeandika, kwa sababu mhojaji wa mjini huuliza alichonacho kichwani, na mzee wa kijijini hujibu alichoulizwa.

Jumanne alfajiri alivuka Lena. Barabara ya barafu ilikuwa imefunguliwa kwa magari madogo tu, na alivuka kama tunavyovuka sote, mkanda umefunguliwa na mlango haujafungwa vizuri ili barafu ikipasuka mtu aruke, asiongee mpaka ng'ambo. Nyuzi zilikuwa thelathini na nne chini ya sifuri. Njiani alikuwa akirudia swali lile lile: ni wapi majike wanne wanakutana pahali pamoja na dume lao haonekani? Katika malisho dume hakosi. Kwenye lori la mwizi wanachanganywa. Machinjioni pia.

Mzee Bahilai alikuwa na miaka sabini na miwili, mkavu, mwenye miguu ya kupinda ya mtu aliyekulia mgongoni mwa farasi. Aliishi na dada yake Oksuu, mjane, mdogo wake kwa miaka miwili na mkubwa wake kwa kila kitu kingine. Walimkaribisha Neustroev bila kumuuliza ametumwa na nani. Mtu aliyetoka kwenye baridi kama ile hulishwa kwanza. Bahilai alimsimamisha samaki aliyeganda kichwa chini, akamkwangua kwa kisu vipande vyembamba vya kujikunja, vya kuchovya kwenye chumvi na pilipili. Kaka na dada walibishana kuhusu kisu. Oksuu akaenda kwenye ghala la barafu chini ya ardhi, akarudi na bonge la kumisi lililoganda, yale maziwa ya farasi yaliyochachuka, akaliyeyusha taratibu karibu na jiko.

Ilipokuwa tayari, Bahilai hakumpa mgeni, wala hakunywa. Alichota kijiko cha kwanza, akafungua mlango wa jiko, akaumwagia moto, midomo ikicheza kidogo. Moto ndio hunywa kwanza. Neustroev alikuwa ameliona jambo hilo tangu yuko mgongoni mwa mama yake, mara nyingi hata macho yake yalikuwa yameacha kuliona. Safari hii aliliona. Aliweka samaki chini.

"Mama Oksuu, kumisi hii ni ya farasi wangapi?"

"Wanne. Alikuwapo wa tano, mwaka huu kakataa kukamuliwa. Ana kiburi kama huyu kaka yangu."

"Unawakamua kwenye ndoo moja?"

"Wewe mtoto wa mjini nini? Kwani niwawekee kila mmoja na ndoo yake, wana wivu?"

Majike wanne, na dume hayumo; na maziwa, kama damu, hubeba chembe za aliyeyatoa. Neustroev alimgeukia mzee. Alimuuliza pole pole kama Agosti ile, alipomkuta mwanafarasi, alikuwa amebeba kumisi. Bahilai alisema hakuna mwanamume mwenye akili anayekwenda kuwinda bata bila kumisi.

"Ulimlisha, mzee?"

Bahilai alifunga mlango wa jiko.

"Waliniuliza kama nimemgusa," alisema. "Sikumgusa. Waliniuliza damu. Sikutia damu, na moyo wangu mweupe. Alikuwa mtoto, Kapteni. Ulimi uko nje kidogo, hivi. Hana mama, katoka kwenye udongo peke yake, hajashiba. Ningempita vipi? Nilimmiminia mdomoni kidogo kidogo, chupa nzima, kiasi kikamwagika shingoni. Nikamwambia asituchukie kwa kumwamsha."

Neustroev hakuandika mara moja. Aliuliza kwa nini hakumwambia Dakta Gabysheva. Mzee alieleza kwamba walipofika wamevaa mavazi meupe na glavu, yule binti aliwaambia vijana wake kuwa hata pumzi inaweza kuharibu. Akaona aibu. Baadaye kijijini wakasikia binti anasingiziwa kutia damu, na yeye akatulia, maana maziwa si damu.

"Miezi miwili," Oksuu alisema. "Mtoto wa watu anaitwa tapeli miezi miwili, na wewe umekalia ulimi wako. Vaa koti lako."

Kazi iliyofuata Neustroev aliijua kuliko mtu yeyote katika jamhuri yetu. Oksuu alishuka ghalani akamtolea vipande viwili vya kumisi ya mwisho wa Agosti. Alivijua kwa utepe wa buluu, kwa kuwa kila wiki ya kukamua ina rangi yake. Vikafungwa, vikatiwa lakiri, kaka na dada wakaweka sahihi. Kisha wakatoka kwenda malishoni. Farasi walikuwa wanafukua theluji kwa kwato kutafuta nyasi, mgongoni wana barafu ambayo haikuwa ikiyeyuka, maana joto lao halikuwa linatoroka hata kidogo. Bahilai aliwaita majike mmoja mmoja, na Neustroev akang'oa nywele za shingoni pamoja na mizizi yake, kama afanyavyo pale farasi wa wizi wanapogombewa na watu wawili. Bahasha nne, majina manne. Kumisi aliiweka kwenye buti ya gari, ambako baridi ilikuwa ya bure.

Maabara ya mifugo ilidai wiki. Aliwaambia ana siku mbili, akawaachia mguu wa nyama ya farasi mchanga wa mwaka huu, aliopewa na Oksuu kama zawadi, na akawaomba wasiuchanganye na ushahidi. Alhamisi jioni walimpigia simu. Majike wanne wa bahasha ndio majike wanne wa kumisi. Na majike wanne wa kumisi ndio waliokuwa mdomoni mwa mwanafarasi, mmoja baada ya mwingine, bila kubaki hata mmoja.

Ijumaa saa nne kamati ilikaa, watu saba na mtungi wa maji. Neustroev alisoma ripoti yake kwa dakika kumi na mbili, akabandika ukutani ile bahasha yenye farasi wa miguu ya meza, na mtu mmoja tu alicheka. Mzee Bahilai alisimama na kofia yake mpya mkononi, akasema alichofanya na kwa nini alikifanya. Chumba kizima kilikuwa cha watu ambao mama zao huulisha moto. Hakuna aliyemuuliza swali la pili.

Burtsev alikuwa amekunjua na kukunja ile karatasi yake nyekundu mpaka ikachanika. Alisema basi si ulaghai, ila ni uzembe.

"Uzembe haumo kwenye kitengo changu," Neustroev alimjibu. "Ng'ombe wa jirani akiingia zizini kwako mwenyewe usiku wa theluji, hatukuiti mwizi. Tunakuuliza tu kama utamrudisha."

Watu wote wakamtazama Nariyana. Alisimama. Alisema anamrudisha. Alichotangaza Septemba si kweli, alikuwa ameyasoma maziwa akadhani anasoma mwanafarasi, na atayaandika hayo kwa jina lake kabla ya mwezi kwisha. Neustroev, ambaye amesikia watu wengi wakikiri na wachache wakikiri bila kulazimishwa, aliona fahari juu yake kama vile ni ndugu yake.

Hapo ndipo alipotoa karatasi yake ya pili. Ilikuwa amri ya ushahidi, muhuri upo. Ili jalada lifungwe sawasawa, iliagiza, lazima ithibitishwe kwamba maziwa yaliishia kwenye ngozi. Na pahali ambapo kumisi haikuweza kufika ni ndani ya gego. Burtsev aliisoma hadi mwisho. Alikuwa mtu wa kuudhika, hakuwa mtu mbaya. Akatoa kalamu.

"Moja," alisema. "La nyuma. Lisionekane."

Walilitoboa wiki iliyofuata. Bahilai aliomba ruhusa safari hii, kabla, mbele ya watu, na Nariyana alimwonyesha mahali: uani, upande wa upepo unaoondoka, mbali na kila dirisha. Mzee aliwasha moto mdogo kwenye theluji akaupa kipande cha chapati na siagi. Ndani, keekee ilianza kulia.

Ilichukua hadi Januari. Nyuzi zilikuwa hamsini na moja, ukungu umekaa juu ya mji hata taa za mtaani hazijulikani zimewashwa au zimezimwa, Nariyana alipoingia ofisini kwa Neustroev na barafu kwenye kope. Hakuvua kofia. Aliweka karatasi juu ya jalada na kusema hakuna. Hakuna jike hata mmoja wa Oksuu ndani ya jino. Ni mwanafarasi peke yake, mkavu, wa kale, safi.

Kisha akacheka, na Neustroev aligundua kwamba hakuwahi kumsikia akicheka. Alimwonyesha mstari uliopigwa wino. Katika jeni ile ya manyoya palikuwa na badiliko, tena jingine katika ile ya mafuta, na yote mawili hayakuwa ya farasi wetu. Yalikaa pahali pengine. Yalielekea kufanya kazi ile ile kwa njia yake. Farasi wetu hawakurithi chochote kwake. Walifika hapa wageni na wakajifunza baridi kwa karne chache, na huyu alikuwa ameijifunza kivyake, zamani mno. Baridi ilikuwa moja na ilishindwa mara mbili.

"Kwa hiyo ulikosea vizuri," Neustroev alisema.

"Nilikosea vibaya. Hii ndiyo nzuri. Nipe simu, Kapteni, nimpigie babu."

Simu ya Sylgylaah ilikoroma, ikakatika, ikapatikana. Ilimbidi aongee kwa sauti kubwa. Alimweleza mzee Bahilai tangu mwanzo, jino, jeni, manyoya, mafuta.

"Kwa hiyo," mzee alisema mwishowe, "alikuwa na koti lake mwenyewe."

"Alikuwa nalo, babu. Zito kabisa."

"Mimi siku zote nilidhani alikufa kwa baridi. Alivyokuwa mdogo vile."

Nariyana alifunika kipokeo kwa kiganja, akakifunua. Alimwambia kwamba mapafu yake yalijaa tope. Aliteleza kwenye ukingo, ikawa upesi. Baridi haikumweza.

Neustroev alikuwa ameshashika muhuri wa kufungia jalada, lakini alingoja, kwa sababu kwenye simu mzee alikuwa amegeuka na sasa alikuwa akimpazia sauti dada yake aliye chumba cha pili, akimwambia aache alichokuwa akifanya asikie: yule mtoto hakuona baridi, Oksuu, hakuona baridi hata kidogo.